Kigari Alichodaiwa Marehemu

Jeneza lilikuwa limeshatolewa ndani na kuwekwa uani, na sisi wanawake tumebanana dirishani, kaka mkubwa wa mume wangu aliposimama kusema maneno yanayosemwa kwenye kila msiba: kwamba marehemu aliishi na watu, na anayeishi na watu hakosi kukosana nao, basi aliyekosewa amsamehe, na kama yupo anayemdai ajitokeze, familia ipo. Kwa kawaida hapo watu huitikia kwamba wamesamehe, jeneza linanyanyuliwa, safari inaanza. Siku ile mtu mmoja alinyoosha mkono.

"Mimi namdai," alisema. "Namdai kigari. Na sisamehi."

Watu walicheka. Mzee huyo ni Msambaa wa juu huko Amani, Mlutheri, rafiki wa mume wangu tangu ujana wao, na watu wa milimani na sisi wa pwani ni watani. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Nimewahi kusikia habari za mmoja, Tongoni, aliyeingia kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Kwa hiyo shemeji yangu alimjibu kwa desturi hiyo hiyo.

"Mtani, kuku wako yupo. Tuache tukazike."

"Kuku mle nyinyi. Mimi nataka kigari changu."

Hakutabasamu. Akainama, akawa wa kwanza kushika jeneza, wakaondoka.

Pale dirishani ni mimi peke yangu niliyejua anazungumzia nini, na hasira niliyoipata ilinikausha machozi.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomea. Ujanani, mashindano ya magari yalipokuwa yakipita mkoani kwetu, gereji aliyokuwa akifanyia kazi ilikuwa ikipelekewa magari ya kutiwa mabomba ndani, yale ya chuma yanayozunguka viti na paa ili gari likibiringika paa lisiwalalie waliomo. Kazi ya kuyakunja ilikuwa yake. Analijaza bomba mchanga mkavu, analiziba huku na huku, analipasha moto, halafu analikunja taratibu kwenye ringi ya lori. Mchanga ndio unaozuia bomba lisibonyee kwenye kona. Msambaa alikuwa dereva. Siku moja gari lake lilitoka njiani kwenye kona za kupanda Amani, likabiringika mpaka kwenye mashamba ya iliki, na yeye akatoka kwa miguu yake mwenyewe, anaulizia kofia yake iko wapi.

Uzeeni, mgongo ulipokataa kuinama, mume wangu alihamia kwenye vigari. Alitengeneza magari ya mashindano yenye urefu wa shubiri, kwa bati, mbao na plastiki za ndoo zilizopasuka. Si vya kuchezea. Ole wako uviite vya kuchezea. Cha mwisho kilikuwa gari lile la Msambaa lililobiringika, na alimwahidi mbele yangu, wakiwa wanakunywa kahawa, kwamba atamkabidhi kama lilivyokuwa kabla ya kona ile. Bodi aliimaliza, nyeupe yenye mkanda mwekundu. Lakini bodi, alikuwa akisema, hata mpika maandazi anaweza kuichonga. Gari ni mabomba. Mabomba akayaweka ya mwisho, na maradhi yakamkuta hajayaanza.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani, nguo nyeupe, bila wanja, bila hina, bila manukato, bila kutoka ila kwa dharura. Watu humhurumia mwanamke aliyeko edani. Mimi mwanzoni niliipenda, maana ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu kunikataza kufanya kazi. Nilikuwa nimemuuguza mwaka mzima: kumgeuza, kumsafisha, kumlisha, kumsikiliza akipumua. Nilichoka uchovu usioondoka kwa kulala. Naamka nimechoka vilevile, naitazama dari, nasikiliza bajaji zikipita kwenda ufukweni Raskazone, na hata kusimama nikanywe maji naona ni safari.

Wifi yangu, dada yake marehemu, alihamia kwangu kunikalia. Ni mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo usiofungwa. Ni yeye aliyeniletea habari kwamba kaka zake wamekubaliana: eda ikiisha, chumba cha uani alichokuwa akifanyia kazi kitasafishwa, zana zitolewe, meza itolewe, na kile kigari wapewe watoto wakachezee.

"Na lile deni?" nikamuuliza.

"Deni gani tena, wifi? Ule si utani tu?"

Nilijua si utani. Sisi tumefundishwa kwamba deni humfunga maiti mpaka alipiwe au asamehewe, na mdai huyu alisimama mbele ya umma akasema hasamehi. Nikamwona mume wangu amelala kule makaburini amefungwa kwa mabomba yenye unene wa njiti ya kiberiti. Eda ikiisha kigari kitakwenda kuvunjwa na watoto, na deni litabaki halina wa kulilipa. Nikamlaani yule mzee kimoyomoyo, nikajikongoja mpaka chumba cha uani.

Kidogo nilikuwa naijua kazi, maana miaka yote nilikuwa mshika taa wake. Nilijua mabomba ya ndani hutumia waya wa shaba. Kopo lake la waya nikalikuta tupu. Dukani siwezi kwenda, na kumtuma wifi niliona ni kujitakia maneno, kwa hiyo nikatazama kilichomo ndani ya nyumba, na kilichomo kikawa ufagio. Msinicheke. Ujiti wa chelewa umenyooka, ni mwembamba, na ukiupitisha juu ya mshumaa ukapata joto unakubali kona vizuri. Uushike mpaka upoe, unabaki ulivyoukunja. Ilikuwa kiangazi, kila kitu kikavu. Nikakunja upinde wa nyuma ya viti, nikakunja na nguzo zake za mbele, nikazibandika kwa gundi chini ya paa, nikazipaka rangi ya fedha. Nikajiona fundi.

Kisha masika yakaingia. Hewa ya kwetu wakati huo hata chumvi inalowa kwenye kopo lililofungwa. Asubuhi moja nikakuta zile njiti zimekunywa unyevu, na kila moja imerudi kunyooka kama ilivyozaliwa. Upinde umefunguka, gundi imeachia, paa la kigari limeinuliwa na rangi yake imechanika pembeni. Nikakaa sakafuni nikalia kwa kwikwi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wifi akaja mbio akidhani namlilia kaka yake. Nilikuwa nalilia ufagio.

Jioni ile nikamwambia apige simu kwa Msambaa, aiweke kwa sauti, anishikie.

"Shikamoo."

"Marahaba, shemeji. Pole na eda."

"Nimeshapoa. Nataka uniambie yale mabomba yalipita wapi. Mwenyewe hakuacha mchoro."

"Unayakunja wewe?"

"Kuna mwingine?"

"Kwa kitu gani?"

Nikamweleza habari ya chelewa, na ilivyonyooka. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu.

"Shemeji," akasema, "unanijengea gari au ufagio?"

Wifi alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Mimi sikuona cha kuchekesha.

"Basi samehe," nikamwambia. "Sema tu kwa mdomo kwamba umesamehe, kila mtu apumzike. Mimi nshachoka."

"Sisamehi. Kachukue kalamu."

"Sina nguvu ya kalamu. Sema nisikie."

Akaanza kunieleza, na hapo nikagundua kwamba mabomba yale hayajui kwa macho, anayajua kwa mwili. Moja lilitoka nyuma ya bega lake la kulia, likapanda, likapita juu ya kichwa, si juu sana. Akivaa helmeti lilikuwa likimgusa kwenye kila shimo. Likashuka mbele ubavuni mwa kioo. Lingine lilikatiza mlangoni, na kuingia garini ilibidi ainue goti hivi, alisema, kama tunamwona. Akishakaa, hilo la mlangoni lilikuwa karibu na mkono wake wa kulia, na kabla ya kuwasha gari alilishika kwanza.

"Ulikuwa ukilishika kwa nini?" wifi akauliza.

"Dua, dada. Wewe una tasbihi, mimi nilikuwa na bomba."

Nikamkalisha wifi kwenye kigoda, akawa yeye ndiye dereva, simu mapajani. Mzee anasema, mimi nachora hewani juu ya wifi kwa mwiko: bega, kichwa, goti. Tulifanya hivyo zaidi ya jioni moja, maana nilikuwa nasahau, na maana, nikisema kweli, jioni za eda ni ndefu. Kila tukimaliza namwomba asamehe, na kila nikimwomba anakataa, ananitakia usingizi mwema.

Waya ikabidi wifi atumwe. Nilimwambia aombe wa soketi, si wa taa, maana wa taa ni mwembamba mno kwa kigari cha kipimo kile. Akarudi na ule laini wa kurefushia pasi, ndani yake nyuzi nyuzi kama nywele za mahindi. Nikaurusha mlangoni. Akauokota, akaniambia mjane hasira hazimpendezi. Nikamwambia mjane hapendezwi na chochote, ndiyo maana wamemvika nyeupe. Mara ya pili alikwenda na kipande cha bomba nilichokitoa kwenye kigari cha zamani cha mume wangu, akakiweka mbele ya mwenye duka, akaletewa wenyewe: mmoja, mzima, mwekundu.

Waya mpya wa shaba una kiburi. Ukiukunja ukiwa baridi unarudi nyuma kidogo, ukiulazimisha kona inakuwa na bapa. Dawa yake ni moto. Unauviringisha kwanza kati ya vibao viwili mpaka unyooke, unauweka juu ya makaa mpaka uwe na rangi ya papai bivu, unautumbukiza majini, unatoka laini. Ila ulaini ule ni wa kona moja. Ukikosea ukaukunjua, umeshaanza kuwa mgumu. Ukirudia tena na tena unakatika mkononi. Nilikata vipande vingi sana. Kona kubwa nilizikunja kwenye mchi wa kinu cha vitunguu saumu, ndogo kwenye mpini wa mwiko, na jiko lilikuwa ni lile lile la chakula, kwa hiyo waya ukiingia kunde zinatoka. Wanawake waliokuja kuhani wakawa wanakuta hivyo. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba mjane anapika waya, na mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Sikujibu. Kujibu nako ni kazi.

Upinde ukasimama. Nguzo zikasimama, na paa likarudi mahali pake. La mlangoni nililifanya la mwisho katika ya ndani, nikiwa nimemweka wifi kwenye kigoda na kumwamrisha ainue goti mpaka akanuna.

Likabaki la nje, eksozi, linalotoka kwenye injini, linapita chini ya sakafu, linaikwepa ekseli na kutokea nyuma ya tairi. Hilo waya haufai, maana mdomo wa eksozi lazima uwe na tundu, na bomba lisilo na tundu hata mtoto anajua ni uongo. Kwenye droo kulikuwa na risasi ya kuchomelea redio. Ile inakunjika kwa kuitazama tu, na inabonyea kwa kuitazama tu. Kidole kikipita, alama imebaki, na tundu pia haina. Nikaitoa. Kisha nikakumbuka kabati la dawa. Nikaenda nikautoa mrija wa dripu uliobaki, ule mwembamba wa karibu na sindano. Tundu unalo, na kona unazipita bila kubonyea. Lakini haukai ulivyokunjwa, ukiuachia unajinyoosha, na nilipoupeleka karibu na dirisha nikaona ndani yake kuna wekundu kidogo uliokauka. Nikakaa nao muda mrefu. Nilikuwa nimeuchukia mrija ule alipokuwa hai, na sasa sikuweza kuutupa wala kuukata. Nikaurudisha kabatini.

Aliyeniokoa ni friji. Friji letu lilikufa zamani, likawa kabati la unga na mchele, na nyuma yake kuna kibomba cha shaba chembamba kilichojizungusha, wenye kazi yao wanakiita kapilari. Ukuta wake ni mnene na tundu lake dogo, kwa hiyo kinakunjika bila kuhitaji mchanga wala chochote ndani. Nikachukua msumeno mdogo wa mume wangu.

"Wifi!" dada wa marehemu akapiga kelele. "Umeliua friji!"

"Lilimtangulia kaka yako. Lete kitambaa."

Nilikikunja mchana mmoja, baada ya kukipitisha motoni, na kwa mara ya kwanza sikuharibu kipande. Mdomo wake niliupanua kwa ncha ya mkasi. Nilipokiingiza mahali pake chini ya kigari, kikakaa chenyewe, kimebana, na gundi ilikuwa imekwisha, nikakiacha hivyo hivyo bila gundi wala rangi. Nilidhani nitafurahi. Nililala tangu alasiri mpaka nikaamshwa kwa Magharibi.

Eda ikaisha. Wakaja wanawake, nikaogeshwa, nikabadili nguo, ubani ukafukizwa. Siku ya pili yake Msambaa akashuka kutoka milimani, amevaa koti lake la kanisani, na mfuko wa iliki mkononi. Nilikuwa sijamwona tangu msiba. Alikuwa amezeeka, kamba ya miwani inamzunguka shingo. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Wifi alileta kahawa, nami nikaleta kigari, nikakiweka mbele yake juu ya meza.

Alikisogeza kwenye mwanga, akainama mpaka pua ikakaribia kioo cha mbele. Ukucha wake ukafuata upinde wa nyuma ya viti, ukapanda, ukashuka, ukafika kwenye bomba la mlangoni. Na hapo, akiwa amekaa vilevile kwenye kiti cha sebuleni kwangu, nikaona goti lake la kulia linanyanyuka kidogo kutoka sakafuni. Sidhani kama alijua.

"Ndiyo lenyewe," akasema.

"Basi sema sasa. Sema umesamehe. Nimechoka, shemeji. Miezi yote hii nimekuomba."

Akavua miwani.

"Kwa nini hukusema siku ile?" Nilikuwa nimeshaanza kupandisha sauti. "Watu wote wanasema. Ni neno moja tu. Ulishindwa nini?"

"Wale waliosema siku ile," akaniuliza, "wangapi wamerudi hapa?"

Nikafikiri. Wanawake walikuja, wiki za mwanzo. Ndugu zake walipiga simu kuhusu chumba. Marafiki zake wa gereji, wale waliobeba jeneza, sikuwa nimesikia hata salamu.

"Walimalizana naye pale pale uani," akasema. "Mimi sikutaka kumalizana naye."

Hasira niliyoilea muda wote ule ikakosa pa kukaa. Nililia mbele ya mgeni, bila hata kujifunika uso, na wifi naye akalia, na mzee akaikodolea macho kahawa yake. Tulipotulia akavaa miwani, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi kwamba amemsamehe rafiki yake, mbele ya Mungu wake na Mungu wetu, hamdai kitu.

Nikasema alhamdulillahi. Nilisema kwa ulimi tu. Moyoni niliona nyumba imekuwa kubwa ghafla, kwa sababu sasa duniani hapakuwa na mtu hata mmoja anayemdai mume wangu chochote.

Akakichukua kigari, akakigeuza chali kama anayekagua samaki. Kidole chake kikagusa eksozi. Akaivuta taratibu, ikatoka bila ubishi, akaniwekea kiganjani.

"Hii haijapakwa rangi," akasema. "Na hii siyo ya marehemu. Hii nakudai wewe."

"Utaifuata lini?"

"Ikiwa tayari."

Wifi alikuwa ameshatoa simu. Nilimsikia akimwambia kaka yake mkubwa, kwa ile sauti yake inayofika barabarani, kwamba chumba cha uani kisiguswe, wala meza isitolewe, wifi anadaiwa.